Shimo Ambalo Jacktone Alikataa Kuchimba

Kama kuna kitu kilichomchosha Jacktone Obonyo, ni watu wanaokupa habari halafu wanakukodolea macho kana kwamba wamekupa amri. Na Mungu alivyo na mzaha wake, akamleta duniani kati ya watu wa aina hiyo.

Jacktone hufundisha mantiki katika chuo kikuu kule Chepkoilel, nje kidogo ya Eldoret. Kila muhula kuna somo moja analolingoja kama mtoto anavyongoja Krismasi. Siku hiyo huandika ubaoni: huyu ni mzee, yule ana njaa, yule ni mtoto wa fulani. Kisha huwauliza wanafunzi neno "lazima" liko wapi hapo. Wanahangaika. Mmoja anasema mzee ni lazima aheshimiwe. "Nimeandika hivyo?" huuliza Jacktone. "Nimeandika kwamba ni mzee. Basi." Huwaambia kwamba ukitazama jinsi mambo yalivyo, hata ukeshe ukitazama, hutaona jinsi yanavyopaswa kuwa, mpaka wewe mwenyewe uwe umelitia hilo "lazima" chunguni kwanza. Mkewe, Kageha, anasema siku ya somo hilo hurudi nyumbani amevimba kichwa.

Shida yake ilikuwa kwao, upande wa Bondo. Waluo wa kwao hawaruhusu mdogo ajenge bomani kabla ya mkubwa. Jacktone ndiye mkubwa, na hakuwahi kujenga hata kibanda, kwa sababu alitoka shule za bweni akaingia chuo, akatoka chuo akaingia Eldoret. Mdogo wake, Lennox, ndiye kitinda mimba. Alikuwa amekwisha kuoa na kupata watoto, na wote walikuwa wakilala katika nyumba ya mama yao, wamebanana sebuleni na kuku. Matofali ya Lennox yalikuwa tayari nje, yamefunikwa kwa nailoni, nyasi zinaota katikati yake. Hakuthubutu kugusa hata moja.

Mama yao, Benta, alikuja Eldoret kumwona daktari kwa ajili ya magoti yake. Alikaa kwenye kochi amejifunika shuka hadi shingoni, maana baridi ya huku hakuiweza, akangoja Kageha amimine chai.

"Nyathina," alisema, kwani hata leo humwita mwanangu kwa Kiluo, "wewe ndiye mkubwa."

"Najua, Mama."

"Lennox ana watoto."

"Najua."

"Na mvua inakaribia."

"Mama, hayo yote ni kweli. Sijakataa hata moja. Sasa niambie, lazima yangu inatoka wapi?"

Mama Benta alimgeukia Kageha na kumuuliza kama huyu mtu analala vizuri siku hizi.

Hakuwa mama wa kukata tamaa upesi. Alisema si lazima nyumba kubwa. Aje tu na mkewe, achimbe shimo, asimamishe nguzo, atupie mabati juu, walale humo usiku mmoja, kisha warudi Eldoret kwao. Watu wengi wanafanya hivyo, hata wachungaji. Lennox angeanza kujenga asubuhi yake.

Jacktone alikataa. Kuchimba lile shimo kungekuwa kukubali kwamba kuzaliwa kwanza kumemwekea deni, na hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha deni hilo limetoka wapi. Hakukataa kwa uchoyo, jamani. Angeombwa saruji angenunua. Alichotaka ni mtu mmoja tu amweleze ile hatua ya katikati, toka "wewe ni mkubwa" hadi "kwa hivyo jenga". Badala yake kila aliyefungua mdomo alimwongezea ukweli mwingine juu ya ule wa kwanza. Mjomba alipiga simu kusema marehemu baba yao angesikitika. Dada wa kanisani akasema watoto wa Lennox wanakohoa. Jacktone alijihisi kama anauliza njia na kila mtu anamtajia jina la mji.

"Si ungechimba tu hilo shimo?" Kageha alimwambia mama alipokwisha kuondoka. "Ni shimo, Jack. Hata mbwa huchimba."

Basi Jacktone akaamua kumfungua mdogo wake. Alimpigia simu kila Jumapili. "Jenga, Lennox. Mimi sina neno."

"Ruhusa si yako kupeana, brathe. Ni mila. Nikijenga mbele yako, watoto wangu wanaweza kupata chira." Hiyo ni ile laana inayomkondesha mtu mpaka anaisha.

Jacktone alimeza hasira, akamfundisha polepole, kama anavyofundisha mwaka wa kwanza. Mwanzoni Lennox alibadilisha mada akauliza bei ya mahindi. Baadaye akaanza kuuliza maswali. Halafu maswali yakawa mazuri. "Kwa hivyo hata kama watu wote wanafanya, hiyo bado haisemi ni lazima nifanye?" Jacktone alikaribia kulia kwa furaha. Hatimaye mtu mmoja katika ukoo mzima alikuwa ameelewa.

Jumamosi moja pikapu ilisimama mlangoni kwa Jacktone. Lennox alishuka, mkewe Seline akafuata na watoto. Nyuma kulikuwa na godoro, masufuria na kabati.

"Umejenga?" Jacktone aliuliza, kikombe cha chai mkononi, akitabasamu tayari.

"Hapana. Matofali nimeachia jirani. Nimepata kazi ya kusaga unga kwa posho mill huko Chepsaita, na nyumba ya kukodi iko. Tumepita kuwasalimia tu."

"Na Mama?"

"Mama yuko nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yake."

Jacktone aliweka kikombe chini. "Lennox! Wewe ndiye wa mwisho. Wa mwisho ndiye anabaki na mzazi. Kila mtu anajua hivyo!"

"Ni kweli mimi ni wa mwisho," Lennox alisema. "Lakini hiyo ni fact tu, brathe. Si ulinifundisha? Nilitafuta hiyo lazima ndani yake, wiki nzima, sikuiona. Nikamwambia Seline, kumbe tuko free." Hakuwa akimkejeli. Alisema kwa shukrani, na hilo ndilo lililomchoma Jacktone zaidi.

"Magoti yake ni mabaya!"

"Ni kweli."

"Kisima kiko mbali, Lennox! Nani atamchotea maji?"

"Kweli kiko mbali."

"Amezeeka! Akianguka usiku nani atasikia? Huyo ni mama yako!"

Sauti yake ilikuwa imepanda hadi watoto wakajificha nyuma ya Seline. Alijisikia akirundika habari juu ya habari, kila moja kwa kelele kuliko iliyotangulia, na mdogo wake akiitikia kila moja kwa kichwa, mpole, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Yote umesema ni kweli," alisema Lennox. "Na ni mama yako pia."

Kageha alikuwa ameacha kukoroga chai. Jacktone alifungua mdomo. Jibu la darasani alikuwa nalo, lilikuwa zuri, na miaka yote halikuwahi kumwangusha. Akaona aibu kulitoa. Alimkasirikia Lennox, akamkasirikia mama kwa kuwa na magoti, akajikasirikia mwenyewe kuliko wote.

"Nitaenda leo," alisema.

"Kwa nini?" Lennox aliuliza, na kweli alitaka kujua.

Jacktone alisimama pale mlangoni akilitafuta jibu, hakulipata, akaenda kuuliza kwa jirani kama ana jembe la kuazima, la kuchimbia shimo.