Akala za Njia ya Masara

Mtu tuliyemfungia kwa mauaji alikuwa amevaa tairi la lori letu. Tulilijua hilo siku tisa baada ya kumkamata, na mimi ndiye niliyelijua kwanza, kwa sababu nilitumwa sokoni kununua wino.

Nilikuwa konstebo katika kituo kidogo upande wa Migori, miaka michache baada ya Uhuru. Kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilipewa ukarani. Msimu ule watu walikuwa wakivamiwa kwenye njia iendayo machimbo ya dhahabu ya Masara. Walipigwa rungu, walikatwa panga, wakanyang'anywa walichobeba. Mkuu wa kituo alichora ramani ya eneo letu, akaibandika ukutani. Kila nilipoandika shambulio kitabuni, nilichoma mwiba mahali lilipotokea. Baada ya miezi miwili miiba ilisongamana kwenye kivuko kimoja cha mto, na karibu yote ilikuwa ya siku za soko. Basi kila siku ya soko tukaitembea njia hiyo wawili wawili, kwenda na kurudi, mpaka miguu ikatoka malengelenge. Miiba mipya ikapungua. Hakuna aliyetushukuru, nasi tulichoka mno kulijali hilo.

Kisha mchimbaji mmoja akauawa pale pale kivukoni, siku ambayo haikuwa ya soko.

Konstebo wetu mzee, aliyezoea kufuata nyayo za ng'ombe walioibwa, alipiga magoti kwenye tope. Akatuonyesha alama ya akala, viatu vinavyokatwa kutoka tairi kuukuu. Ilikuwa na mistari ya mshazari, iliyolika upande mmoja. Tuliifuata hadi ikapotelea barabarani. Kesho yake tukamkuta mchimbaji mwingine amevaa akala zenye mistari hiyo hiyo. Alikuwa amegombana na marehemu. Alisema siku ile alilala ndani peke yake na malaria. Kosa lenyewe lilikuwa la kunyongwa.

Mkewe alileta chakula kila siku, akitembea kutoka Masara.

"Afande, baba watoto amekula?"

"Amekula, mama."

"Na mtamnyonga lini?"

Nilipokea bakuli.

Siku ya wino nilipita kwa fundi wa akala. Aliponiona akaweka kisu chini.

"Afande, leo umekuja kununua au kukamata?"

Mbele yake palikuwa na kipande cha tairi chenye mistari ile. Nikamwuliza amelitoa wapi.

"Unaniuliza mimi? La lori lenu hili. Sajini wenu ndiye aliyeniuzia, akachukua na pea mbili juu." Akacheka. "Omera, ndugu yangu, nusu ya soko inatembea na serikali miguuni!"

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Andika." Kisha tukaanza kuzitafuta pea zote za tairi lile. Fundi hakujua majina ya wateja, alikumbuka miguu. Mmoja hana kidole gumba, mwingine ni mwalimu mwenye nyayo bapa. Kwa wiki kadhaa tuliinama kutazama miguu ya watu makanisani, visimani na kwenye mashimo ya dhahabu. Sajini alileta pea moja akiwa amenuna. Ya pili alikuwa amempa konstebo mzee. Mzee alizitoa nyumbani kwake, akaziweka juu ya meza yangu. Mwishowe tuliwakosa wateja wawili tu, waliosemekana kuelekea Isebania, mpakani.

Nililiandika lote hilo kwenye ukurasa mmoja. Likaingia katika faili, faili ikaenda Kisumu, nami nikahamishiwa Homa Bay kabla kesi haijasikizwa.

Mwaka uliofuata konstebo mzee alikuja Homa Bay kuleta mahabusu. Tulikunywa chai ya rangi nyuma ya kituo.

"Jaji aliusoma ukurasa wako," akasema. "Akamwachilia. Yuko kwake, analima."

"Na njia?"

"Tangu tulipomfungia, hakuna aliyeguswa pale. Hata baada ya kurudi kwake."

"Ni doria zetu?"

"Doria zilikoma, karani. Lori halina tairi, askari hawatoshi." Akanywa chai. "Mkewe hunisalimia. Jamaa wa marehemu hawamsalimii yeye."

Nikamwuliza habari za wale wawili wa Isebania. Walikuwa hawajapatikana.