Simu Niliyodhani Imekufa

Nichekeni, lakini taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa fundi simu mjini Moshi. Ofisi moja ya kahawa ilikuwa na simu mbili za vitufe kwenye laini moja: ya karani, Ndeshi, na ya meneja wake, chumba cha ndani.

Kitufe cha tatu cha Ndeshi kilikuwa kinanata. Nilikisafisha kwa spiriti, kikapona siku hiyohiyo. Ila nilikuwa nimempenda Ndeshi, nao ulimi wangu ulikuwa mzito kumwambia, kwa hiyo kila nikiondoka nililegeza waya mmoja ili niitwe tena.

Mara ya nne nikamwambia, "Dada, nenda kwa meneja, unyanyue simu yake tujaribu."

Akaenda. "Halo? Halo?" nikaita kwenye simu ya Ndeshi. Kimya. Nikadhani laini imekatika, nami nikapata ujasiri ghafla.

"Ndeshi," nikasema, "hiki kitufe kilipona zamani. Mimi ndiye ninayekiharibu, nipate kukuona. Nataka nikuoe."

Mlango ukafunguka. Akatoka meneja mwenyewe, na nyuma yake Ndeshi amejifunika uso, mabega yanatikisika kwa kicheko. Ndipo nikauona waya wa kusikilizia wa simu niliyoshika unaning'inia. Mimi nilikuwa sisikii. Wao walisikia kila neno.

"Shikamoo, mzee," nikasema, bisibisi ikinidondoka.

"Marahaba. Simu inasikika vizuri sana," akajibu. "Lakini posa, kijana, ipeleke Kibosho kwa baba yake. Ndeshi ameniomba nikwambie Jumapili mzee atakuwepo."