Sumaku ya Pampu ya Akina Mama

Likizo ya Agosti nilipokuwa darasa la sita ilinuka petroli na tope. Shamba lilikuwa kando ya mto, chini kidogo ya mji wa Kibwezi, na miaka hiyo ya themanini akina mama kumi na wawili wa kanisa letu walilima pamoja bamia na karela chungu, mboga za kuuzwa ng'ambo ambazo sisi wenyewe hatukuzila hata kwa njaa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walisuka vyondo, vile vikapu vya mkonge, misimu miwili, wakaviuza kando ya barabara ya Mombasa, hata wakapata pampu ya petroli, kuukuu lakini yenye nguvu. Aliyewashawishi kuinunua ni mama yangu. Kila asubuhi alivuta kamba, mashine ikakohoa mara mbili, kisha ikanguruma, na maji yakakimbia kwenye mifereji.

Siku moja pampu iliachwa mtoni, mvua isiyotarajiwa ikainyeshea, na siku chache baadaye ikakataa kuwaka. Fundi kutoka mjini aliivuta mpaka shati likalowa jasho. “Haina moto,” alisema, yaani plagi haikutoa cheche ya kuwasha petroli. “Koili imekufa. Tafuteni nyingine Nairobi, kama bado zinapatikana.” Siku tatu tulibeba maji kwa ndoo, na maua ya bamia yakaanza kudondoka. Mama Ndinda, mweka hazina wa kikundi, mwanamke asiyemung'unya maneno, alimwambia mama mbele ya wote, “Ulituapia kwamba hii mashine itadumu.” Jioni hiyo mama hakula.

Dada yangu Mumbua alikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni, na muhula uliotangulia walikuwa wamesoma habari za sumaku na koili. Alikuja na daftari lake, akaomba kuifungua pampu. Mama Ndinda alishtuka. “Mama Mumbua, utaacha mtoto afungue mali ya kikundi?” Mama alimtazama dada, akaitazama mashine. “Fungua,” alisema hatimaye. “Lakini parafujo isipotee hata moja.”

Ndani mlikuwa na gurudumu zito lenye sumaku ubavuni, na pembeni yake koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana kwenye kipande cha chuma. Mumbua alitueleza huku akilizungusha gurudumu kwa mkono. Waya huo haukuhifadhi umeme wowote. Sumaku ikisimama karibu nao, hakuna kinachotokea. Ikipita, waya hupata umeme. Ikipita kwa kasi, hupata mwingi zaidi. Lakini lazima ipite karibu, karibu sana. Hapo ndipo alipoona kwamba parafujo za koili zimelegea, koili imerudi nyuma, na sumaku imevaa kutu. Alisugua kutu kwa msasa, akachomeka kipande cha jalada la daftari lake kati ya sumaku na koili ili nafasi iwe nyembamba kama karatasi hiyo, akakaza, kisha akaichomoa karatasi.

Mimi niliambiwa nishike waya wa plagi, niulaze karibu na chuma. Niliushika vibaya. Dada alipovuta kamba polepole sikuhisi kitu. Alipovuta kwa nguvu, kitu kilinipiga kutoka vidoleni mpaka begani, nikaketi matopeni nikilia. Mama alinikimbilia akimfokea Mumbua, naye Mumbua alikuwa akirukaruka kama mwendawazimu. “Ina moto! Mama, ina moto!”

Pampu iliwaka kamba ilipovutwa mara ya tatu. Theluthi ya bamia ilikuwa imeshakauka, lakini karela zilipona, na kikundi hakikuvunjika. Mama Ndinda hakuomba radhi. Wiki iliyofuata alikuja na kiti chake, akaketi mbele ya dada. “Nionyeshe. Kuuliza si ujinga.” Kabla ya Krismasi yeye ndiye aliyekuwa akiifungua pampu, akiweka karatasi yake mwenyewe, na mafundi wa mjini hawakuitwa tena.

Siku hizi Mumbua ni mwalimu mstaafu huko Kasikeu, na mimi ninaishi mahali penye umeme nyumbani na pampu ya kisima cha jamii inayoendeshwa na jua. Ni nzuri, haina moshi wala kelele. Mwezi uliopita ilisimama. Tulipiga simu, tukaambiwa mtaalamu atakuja, na kwa wiki mbili tulinunua maji ya mkokoteni. Sanduku la pampu hiyo lina lakiri ya plastiki na onyo la kutofungua, na hakuna aliyethubutu kulifungua. Nilipompigia dada kumweleza, aliuliza swali moja tu: “Mmeangalia ndani?” Nilikuwa nimesimama foleni na mtungi mkononi, watu ishirini mbele yangu, nikamwambia hapana.