Deraya za Mkonge

Umewahi kuibiwa kazi ya mikono yako, kisha ukatakiwa umpigie makofi mwizi?

Asheri wa Chumbageni yamemkuta. Baba yake alikuja kutoka bara kukata mkonge, akafia shambani. Yeye mwenyewe alimaliza miaka thelathini kwenye korona, ile mashine inayokamua majani zikabaki singa, yaani nyuzi. Alipostaafu akawa anasuka kamba na mazulia barazani kwake. Hapo ndipo Lucas, mbunifu wa mavazi kutoka Dar, alipomkuta, wakati filamu moja ya vita vya kale ikipigwa picha kwenye magofu ya Tongoni. Lucas alitaka deraya, mavazi ya kukinga kifua vitani, za askari wa zama hizo na hakuwa hata na mchoro. Asheri akamsukia arobaini, vifua vigumu kama gamba la kobe. Sharti lake lilikuwa moja tu: jina lake liandikwe mwishoni mwa filamu, wajukuu walisome.

Siku filamu ilipoonyeshwa Tanga, Asheri alivaa shati la kanisani akakaa mstari wa mbele. Majina ya wapishi yakapita, ya madereva yakapita. Kwenye deraya pakaandikwa kwamba zimebuniwa na kusukwa na Lucas. Wiki mbili baadaye redio ikatangaza kuwa mavazi hayo yameteuliwa kuwania tuzo kubwa, na Lucas akasimulia alivyosuka mpaka vidole vikatoka damu. Consolata, mkewe Asheri, alizima redio. Asheri akamwambia awashe. Alitaka kuyasikia yote.

Kisha Lucas akapiga simu, bila haya. Waandishi wangekuja Tongoni Jumamosi asubuhi, naye angewaonyesha deraya akiwa ameivaa, lakini zote arobaini zilikuwa Dar kwa majaji wa tuzo.

"Nisukie moja ya haraka, mzee wangu."

"Utaipata," alisema Asheri.

Kila aliyefanya kazi ya mkonge anajua kwamba singa zikitoka kwenye korona huoshwa na kuanikwa, la sivyo maji yake huwasha kuliko upupu. Asheri alikwenda shambani akachukua singa mbichi. Alizisuka kwa glavu. Consolata alipoona ndoo ya kuoshea haina tone, akaelewa.

"Utamuumiza mtoto wa watu, baba Anjela."

"Si anasema anasuka? Basi ataona mwenyewe kwamba hazijaoshwa."

Ijumaa jioni Lucas alikuja kuichukua. Akainusa, akasema inanukia asili.

Kesho yake asubuhi Asheri alisimama nyuma ya waandishi, kando ya magofu. Lucas alifungwa deraya kifua wazi, kamba kumi na mbili mgongoni, akaanza kueleza ufundi wake. Jua likapanda, jasho likamtoka. Alijikuna shingo, akacheka. Akajikuna tena. Halafu akawa anavuta kamba asizozifikia, na wasaidizi wake kila wakizishika wanazidi kuzikaza. Kamera hazikuzimwa.

Macho yake yakatua kwa mzee. "Mzee Asheri, nakuomba, njoo unifungue."

"Wewe ndiye uliyesuka. Fungua."

"Si mimi niliyesuka. Ni wewe."

"Ngapi?"

"Zote, mzee. Zote arobaini."

Asheri akamtaka arudie polepole, ataje jina la aliyezisuka na la baba wa aliyezisuka, kamera zisikie. Jina la baba huyo, Lucas hakulijua. Asheri akamtajia, akasubiri mpaka akalisema sawasawa, ndipo akalishika fundo la kwanza, bila haraka.