Sehemu ya Thelathini na Moja

Mama yangu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na sita, na vidole vyake havijapata habari kwamba alishastaafu. Mtu akizungumza mbele yake, hata akiwa mtangazaji wa hali ya hewa, vidole vinamchapa juu ya goti. Ukimtania anaikalia mikono kidogo, halafu anasahau, inaanza tena.

Aliyemchapa zaidi ya wote ni Mwenye Kiwanda. Huyo ndiye mhusika mkuu wa mchezo wa zamani wa televisheni, ule wa familia yenye kiwanda cha viberiti, ambao mtaa mzima tuliuita Kiwanda tu. Una sehemu hamsini na mbili. Zamani, ukipita barabarani jioni unapoonyeshwa, ungeweza kuufuata dirisha hadi dirisha bila kukosa neno. Baadaye mama alijinunulia sidii zake zote, akaurudia na kuurudia. Nilipomuuliza ameutazama mara ngapi alinijibu, "Na wewe umeoga mara ngapi tangu uzaliwe? Kwani nimekuuliza?"

Watu wengine huzima televisheni majina yakianza kupanda. Yeye ndipo aliposogeza kiti. Alingoja mstari mmoja karibu na mwisho, baada ya mafundi wa taa na mshona mavazi: mpiga chapa wa miswada. Hapo palikuwa na jina la mwanamke mwingine. Kazi ile ilikuwa ya mama.

Aliiomba mimi nikiwa bado nanyonya. Akafanya mtihani wa kuchapa, akaambiwa asubiri barua, akasubiri mpaka akachoka, akajisemea kwamba wamepata wenye bahati. Mwaka mmoja baadaye alikuwa anashona koti la baba lililofumuka, mkono ukagusa karatasi ndani ya bitana. Barua ilikuwa imefunguliwa na kusomwa. Siku ya kuripoti kazini ilikuwa imepita kwa miezi kumi na mmoja.

Baba, msimamizi wa ghala, mtu wa funguo na kufuli, aliipokea kwa tarishi na kuificha. Kwa nini, hakusema. Nadhani aliogopa mke mwenye mshahara unaopita wake, lakini hayo ni yangu, yeye hakuwahi kuyatamka. Mama alipomwekea barua mezani alijibu, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Ndwele yenyewe ni yangu," mama akasema. "Wewe utajuaje kama imepona?"

Naomba nisimwonee baba. Alitupigia viatu rangi kila asubuhi, na mama alipofanyiwa upasuaji alilala wodini kwenye benchi siku tisa, mpaka wauguzi wakamzoea kama mwenzao. Lakini neno "nisamehe" lilimkwama kooni kama mfupa. Miaka thelathini na mbili mama alilisubiri. Hakuwa akigomba. Mara moja tu aliniambia, tukichambua mchele, "Sitaki zawadi, sitaki maelezo. Nataka aseme, basi." Nikaona aibu kumtazama, nikazidi kutafuta mawe kwenye mchele ambao haukuwa na mawe.

Kisha baba akapigwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, na maneno yakaondoka yote isipokuwa mawili, "eeh" na "basi". Mtaalamu wa hospitali aliyemfanyisha mazoezi ya kusema alitushauri tusikate tamaa. Nyimbo, sala, chochote alichokisikia mara nyingi huweza kubaki, akasema, hata kama maneno yake mwenyewe yamepotea.

Mchana mmoja mama aliwasha Kiwanda ili apate sauti ya kumliwaza. Mwenye Kiwanda akatoka ofisini akafoka, "Mlinzi, funga lango!" Na baba, kitini, kwa sauti nzima isiyo na kigugumizi, akafoka naye maneno yale yale. Tuliangua kicheko tukaishia kulia. Kumbe miaka yote ile aliyojificha nyuma ya gazeti akijifanya mchezo ni wa wanawake, mzee alikuwa anasikiliza!

Tukaendelea na sehemu moja kila mchana, tukivuna sentensi zake, hadi tukafika ya thelathini na moja. Humo Mwenye Kiwanda, aliyeuza shamba la mkewe kwa siri, anapiga magoti na kusema, "Nisamehe, mke wangu. Nilikukosea, na nilijua ninakukosea." Baba akayasema yote, neno kwa neno. Vidole vya mama vikasimama. Akaniomba rimoti, akarudisha nyuma.

Tangu hapo sehemu nyingine zote zikafa. Kila siku baada ya chakula ilikuwa thelathini na moja. Magoti yakikaribia kugusa sakafu, mama alizima sauti ya televisheni ili ya baba isikike peke yake. Nilivumilia wiki mbili, kisha nikamfuata jikoni.

"Mama, yale ni maneno ya Mwenye Kiwanda."

"Najua. Mimi nimechapa maneno ya watu maisha yangu yote. Unadhani sijui yapi ni ya nani?"

"Sasa?"

"Sasa niache. Nataka tu kujua sauti yake inakuwaje ikisema."

Lakini mimi ni mkutubi, na mkutubi akishindwa na jambo hukimbilia rafu. Nikamletea riwaya iliyozaa mchezo ule, kitabu kinene cha jalada la kijani, nikitumaini kitamtoa kwenye sidii. Akafurahi kweli. Akawa anamsomea baba, akigombana na mwandishi njiani: mbona mlinzi hayupo, mbona binti mkubwa ana roho mbaya hivi? Hadi wakafika mahali pa magoti. Magoti hayakuwepo. Kitabuni yule bwana analala, anageukia ukuta, na sura inayofuata anazikwa. Mama akapekua kurasa akidhani mbili zimegandana.

"Wamekata," akasema.

"Hawajakata, mama. Kitabu kilitangulia. Watu wa televisheni ndio walioongeza."

"Kumbe," akasema. Akakifunga kitabu, akarudia sidii yake.

Sidii nayo ina mwisho wake. Kwa kuchezwa kila siku ilichakaa, ikawa inaganda pale pale, Mwenye Kiwanda amekunja goti moja na mdomo uko wazi, na picha ikiganda baba naye alinyamaza. Asubuhi ya Jumanne mama aliifunga kwenye kitambaa, akaipeleka kwa muuza sidii karibu na posta amtengenezee nakala. Mimi nikabaki na baba.

Nilichukua riwaya, nikasoma kwa sauti palipokuwa na alama, kwa uvivu tu. Nilipofika kwenye kugeukia ukuta, baba aliinua mkono wake mzima akaubandika juu ya ukurasa.

"Nisamehe," akasema.

Nikangoja "mke wangu", maana mstari tuliujua sote. Haukuja. Midomo ilihangaika, jasho likamtoka, kama mtu anayesukuma kabati peke yake.

"Ba... barua," akasema. "Barua. Nisamehe."

Alikuwa anatazama mlango. Katika Kiwanda hakuna barua hata moja, habari zote huja kwa simu. Hilo lilikuwa neno lake. Nikamwambia, "Ngoja baba, ngoja, umwambie mwenyewe," nikatoka mbio peku hadi posta. Nilipomleta mama, baba alikuwa amelala. Alipoamka alikuwa amebaki na "eeh" na "basi" tu.

Mama hakuiweka nakala mpya. Siku tatu alikaa mbele ya baba, televisheni imezimwa. "Barua, mzee?" alimuuliza taratibu. "Ile barua?" Baba alifungua mdomo, machozi yakamshuka, akasema, "Basi." Siku ya kumi na tisa tangu Jumanne ile alifariki, mchana, mama akimlisha uji.

Wageni wa msiba walipokwisha nilimsimulia upya, hatua kwa hatua, mkono juu ya ukurasa, jasho, macho mlangoni. Nikamwapia kwa kila nilichoweza kuapia. Alinisikiliza hadi mwisho, na vidole vyake vilitulia tuli.

"Habari ya ile barua unaijua tangu utotoni," akasema. "Ningekuwa wewe, ningeongeza neno hilo hilo."

"Mama, sikuongeza."

"Umenitungia vizuri, mwanangu. Asante."

Akanipapasa mkono, akaenda kuanua nguo. Msamaha ule nimebaki nao mimi, ambaye sikukosewa kitu.