Kikombe cha Chini ya Sinki

Mama yangu amekunywa chai nyumbani kwangu mara moja tu. Chai hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza.

Najua mtasema chai haimfukuzi mtu. Tulieni niwasimulie, halafu mnitukane mkitaka. Mimi nimeshajitukana vya kutosha.

Naitwa Boitumelo, nakaa Pretoria, mtaa ambao zamani mtu mweusi aliingia na fagio tu.

Kazi yangu? Msicheke. Nazunguka maofisini kufundisha watu waache ubaguzi wa rangi. Nasimama mbele ya mabosi, nawapa ukweli wao, wanapiga makofi, na wengine machozi yanawatoka. Mdomo ninao.

Mama alifanya kazi za ndani kwa kaburu mmoja tangu sijazaliwa mpaka magoti yalipogoma. Kwa huyo kaburu alikuwa na kikombe chake cha bati, kinakaa chini ya sinki pamoja na dawa ya choo. Aliwapikia, akawabebea watoto wao mgongoni, lakini mdomo wake usiguse kikombe chao.

Huku kwetu kila mweusi wa rika langu anakijua kikombe hicho. Mimi nimekihubiri maofisini mpaka koo limenikauka.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kule Mamelodi, kitongoji cha weusi nje ya mji. Choo kiko nje, na baridi ya Juni huku kwetu ni ya kuua. Alishaanguka akienda huko gizani, akalala chini mpaka jirani alipomsikia.

Nikambembeleza ahamie kwangu. Akawa ananizungusha, mara ana kuku, mara kwaya ya kanisa. Pasaka iliyopita akalegea.

"Nitakuja nikae wikiendi moja," akasema. "Nikiipenda nyumba yako, nabaki. Nisipoipenda, usinililie."

Aisee, nilipaka chumba rangi. Nikanunua kitanda kifupi ili magoti yake yasipate shida. Nikamwambia kila mtu kazini kuwa mama yangu anakuja.

Siku ya kuja nilikuwa na mafunzo mjini, kwa hiyo binamu yangu Lesego alimleta, na Limpho akampokea.

Limpho ndiye dada wa kazi. Anatoka Lesotho, ana watoto huko kwao, na ni mtulivu mpaka unaweza kusahau kuwa yupo. Nami, kusema kweli, nilishasahau.

Niliporudi nikawakuta mezani jikoni wanakula magwinya, yale maandazi ya mama, wanacheka kama walisoma pamoja. Nikamkumbatia mama. Nikanusa marashi yake ya siku zote. Nikajisemea, huyu haondoki tena.

Halafu nikaona mkononi ameshika nini.

Kikombe cha bati. Cheupe, ukingo wa bluu, kimebanduka rangi.

Nikawaka.

"Limpho! Umempa mama yangu kikombe *chako*?"

Ilitoka hivyohivyo. Siwezi kuirudisha.

Limpho akasimama haraka. "Samahani, Madam."

"Samahani ya nini? Kabati zima limejaa vikombe! Mama yangu mzazi unamnywesha chai kwenye bati?"

"Kaa, mwanangu," mama akamwambia Limpho. Limpho hakukaa. Alinitazama mimi kwanza.

Nikanyoosha mkono. "Lete mama, nikubadilishie."

Mama akakivuta kikombe kwake. "Kina nini?"

"Mama, hicho ni cha..."

"Cha nani? Malizia. Si nasikia huko maofisini unaongea mpaka watu wanalia?"

"Cha Limpho."

"Limpho anaumwa?"

"Hapana."

"Mchafu?"

"Mama, jamani!"

"Basi niache ninywe."

Akanywa. Taratibu, kwa sauti, kama anavyokunywa siku zote. Mimi nimesimama na mkoba begani.

"Na usimgombeze mtoto wa watu bure," akasema. "Yeye alitaka kunipa kile chenye maua. Hiki nimekichukua mwenyewe."

"Mama, ulijuaje kilipo?"

Swali la kijinga sijapata kuuliza kama hilo. Mama aliniangalia mpaka nikatazama pembeni.

"Unaniuliza mimi? Maisha yangu yote nilikuwa nakitoa wapi?"

Akakiweka kikombe mezani.

"Nilipoingia humu jikoni, Boitumelo, niliinama. Kwa magoti haya haya unayoyajua. Nikashika sinki, nikafungua mlango wa chini, huku namwomba Mungu nisikute kitu. Nikute sabuni na matambara, basi. Nikakikuta. Kimekaa palepale, ubavuni mwa dawa ya choo."

Nilibanwa. Na mtu akibanwa hujitetea kwa chochote kilicho karibu. Nikajitetea kwa Limpho.

"Alikuja nacho mwenyewe! Sikumnunulia mimi. Limpho, si ulikuja nacho?"

"Ndiyo, Madam."

"Umesikia mama?"

"Nimesikia," mama akasema. "Na kule chini alikiweka nani?"

Limpho akakazia macho sakafu.

"Sema, mwanangu. Nakuuliza mimi, siyo yeye."

"Siku ya kwanza nilikiweka juu, Mama, pamoja na vingine," Limpho akasema polepole. "Asubuhi nikakikuta chini. Nikajua ndiyo utaratibu wa hapa. Sikukasirika, Madam. Kila nyumba ina utaratibu wake."

Nilitaka kubisha. Haki ya Mungu nilishafungua mdomo.

Halafu nikakumbuka.

Asubuhi ile nilikuwa natafuta kikombe cha kahawa. Nikaona bati lililobanduka katikati ya vikombe vyangu vya maua. Mkono ukalichukua, mgongo ukainama, mlango wa chini ukafunguka, ukafungwa. Sikuwaza chochote. Nilikuwa nawahi mafunzo.

Hakuna aliyenielekeza. Mkono ulipajua chini ya sinki wenyewe.

Yule kaburu nilikuwa nasema alilelewa hivyo, na sheria ilikuwa upande wake. Mimi je? Mimi nililelewa na aliyenyweshwa kwenye bati.

Nilikaa chini nikalia. Siyo kilio cha maofisini kile cha kufuta jicho kwa tishu. Nililia kwa kamasi.

"Mama, nisamehe."

"Mimi hukunikosea kitu," mama akasema. "Mimi kikombe umetaka kunipa kizuri."

Hapo ndipo aliponimaliza kabisa. Akampigia simu Lesego aje amrudishe. Begi lake hata halikufunguliwa. Nikamshika mkono mlangoni, nikamkumbusha choo cha nje, nikamkumbusha baridi.

"Baridi naijua," akasema. "Humu ndani ndimo nisimoweza kulala. Kila nikisikia maji ya sinki nitakuwa nafikiria ni zamu yangu ya kuosha."

Nikabaki na Limpho. Nikamwambia kuanzia leo atumie kikombe chochote atakacho.

"Ndiyo, Madam."

Nikamwambia aache kuniita Madam.

"Sawa, Madam."

Basi sasa anatumia kile chenye maua. Anakishika kwa mikono miwili kama cha kuazima, na hanywi mpaka nitoke jikoni. Nikimkaribisha mezani anakaa ukingoni mwa kiti, anakula upesi, anaanza kukusanya vyombo. Nilidhani ningevunja utaratibu ule kwa siku moja kwa sababu nimelia. Kumbe machozi yangu hayamhusu.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Walikuwa wananisema mimi, na hotuba zangu.

Nyinyi mnaonisoma mkiwa Dar, Mombasa, sijui Nairobi, msinicheke sana. Kwenu hakuna kaburu, lakini yupo dada wa kazi, na kikombe chake mnakijua. Msiseme "mwenyewe hajali" au "amezoea". Mama yangu naye walisema amezoea. Ukidharauliwa unajifunza kukaa kimya, na aliyekudharau anauita ukimya huo kuridhika. Usisubiri mama yako aje ainame jikoni kwako ndipo uone aibu.

Mama bado yuko Mamelodi. Kila Jumapili baada ya kanisa anapiga simu, lakini anampigia Limpho. Wanaongea mambo ya watoto, wanacheka. Mimi nasalimiwa mwishoni.

Juzi nilijikaza nikamuuliza. "Mama, utarudi lini? Baridi inaanza."

"Siku Limpho atakayoniambia nyumba iko tayari."

"Basi ngoja nimuulize."

"Ole wako umuulize," akasema. "Ukimuuliza wewe atasema iko tayari. Wewe si ndiye unayemlipa? Nitamuuliza mimi."

Jumapili hii nilikuwa koridoni, nimebeba nguo za kupanga, simu ya Limpho ikaita. Nikasimama. Ndiyo, nilisikiliza, aibu nyingine hiyo, iongezeni kwenye zile. Walicheka kidogo, kisha Limpho akasikiliza swali.

Akashusha sauti, akajibu kwa upole, kama mtu anayeogopa kuumiza:

"Bado, Mama."