Mji Nilioweka kwa Udahoda

Mwaka jana nilipeleka simu yangu kwa fundi mmoja pale Babati. Mezani kwake palikuwa na kompyuta kuukuu iliyofunguliwa mgongo, inavuma, na feni yake inatoa harufu ya vumbi linaloungua. Nilisimama nikiinusa kama mtu asiye na shughuli. Fundi aliniuliza mara mbili simu ina tatizo gani. Sikumjibu upesi, kwa sababu nilikuwa nimesharudi Tumati, nina miaka kumi na miwili, nimekaa kwenye kigoda sebuleni kwetu, na pembeni yangu yuko Udahoda, ananukia maziwa ya kibuyu kilichofukizwa moshi, ananiambia nigeuke nitazame ukutani kwa kuwa ni zamu yake.

Nianze na namna Udahoda alivyofika kwetu. Kule Mbulu, mtu mwenye ng'ombe wengi huwezi kuwaona wote zizini kwake. Wachache anabaki nao, wengine anawaweka kwa marafiki, huyu watatu, yule watano, wengine mbali kabisa, ili ugonjwa au ukame ukiingia upande mmoja usimmalize. Anayewekewa anakunywa maziwa na kuwachunga kama wake. Mwenye ng'ombe akiwahitaji anakwenda, anakaa, anakula, anazungumza habari za mvua, na suala lenyewe linakuja baadaye, pengine kesho yake. Baba yangu alikuwa na ng'ombe tisa waliokaa hivyo kwa rafiki yake, Baba Udahoda, mfugaji wa kule chini tambarare za Hanang, upande wa Masakta. Walijuana tangu ujana wao. Sisi tulikuwa wakulima na watu wa kanisani, wao walikuwa watu wa ng'ombe na mila zao, na sijawahi kuwasikia wale wazee wawili wakilizungumzia hilo.

Wafugaji wale walihama kufuata malisho, na Baba Udahoda alitaka binti yake amalize shule mahali pamoja. Kwa hiyo nilipoanza darasa la sita aliletwa kwetu. Mimi sikuulizwa. Niliambiwa tu kwamba kitanda changu sasa ni chetu sisi wasichana wawili. Alikuja na shuka, kibuyu, na bangili za shaba ambazo mwalimu alimwambia azivue, akazivua, akazivaa tena njiani kurudi nyumbani. Alikuwa mpole, mrefu kunizidi, na Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kana kwamba kila neno alilikagua kabla ya kulitoa. Nilimchukia wiki mbili, kisha nikachoka.

Kompyuta aliileta kaka yangu Danieli, aliyekuwa anajifunza ufundi Arusha na wakati huo yuko nyumbani kwa likizo ndefu. Ilikuwa nzito, herufi nyingine zimefutika, na betri yake ilikuwa imekufa, ikabidi ichomekwe moja kwa moja kwenye umeme wa sola. Baba aliruhusu saa moja Jumamosi na Jumapili mchana, wakati jua lina nguvu. Ndani yake mlikuwa na michezo, na mmojawapo ndio uliotushika. Unapewa kundi moja la walowezi na askari mmoja mwenye rungu, katikati ya ramani nyeusi tupu. Ukisogea hatua moja, giza linafunguka kidogo: mto, kilima, msitu, nyati. Unajenga mji, mji unazaa walowezi wengine, wanakwenda kujenga mji mwingine. Wewe ukimaliza, unabonyeza, anakuja mwenzako naye anafanya ya kwake. Maneno yalikuwa ya Kiingereza. Danieli alitufundisha yale muhimu, mengine tukayakisia.

Nilijenga mji wangu wa kwanza juu ya kilima, bila kufikiri. Kwetu nyumba hukaa mgongoni mwa kilima, na shamba linateremka. Danieli alicheka, akasema nimeuacha mto mzuri hatua mbili tu chini. Nikamwambia mtoni kuna umande. Hata hivyo mji ulikua, na kwa zamu chache nikawa na wa pili, halafu wa tatu, halafu wa nne mbali zaidi, kule chini mtoni. Miji mitatu ilikuwa na askari mmoja mmoja, na wa nne haukuwa na askari kabisa. Niliona rangi yangu nyekundu inatanda kwenye ramani na nikajisikia mtu mkubwa.

Udahoda hakujenga. Ndugu msomaji, aliwatembeza wale walowezi wake Jumamosi nzima na Jumapili yake. Wanafika kwenye majani, anayatazama, anasema maji yako mbali. Wanafika mtoni, anasema hapa patakuwa na mbung'o. Nilimweleza kwamba kila zamu anayotembea mimi ninaongeza watu. Alinijibu kwamba watu wake hawajachoka. Danieli alijilaza sakafuni kwa kicheko. Mwishowe aliwasimamisha kando ya ziwa lenye chumvi, penye majani pande zote, na akajenga mji mmoja. Sijui aliona nini pale, ila mji ule ulishiba haraka kuliko minne yangu.

Wiki ya tatu wakaja waporaji. Mchezo huwatoa gizani bila taarifa. Walichoma shamba langu la mtoni, na mji wa mtoni haukuwa na mlinzi. Kumtoa askari kilimani ilikuwa zamu sita. Udahoda alikuwa karibu, zamu mbili tu, na mji wake mmoja ulikuwa umemwezesha kuwa na askari watatu walioshiba. Kwenye ukurasa wa mapatano kulikuwa na kitufe cha mkataba wa amani, kitufe cha kufungua mipaka, na kingine cha kumpa mwenzako kitu chochote ulicho nacho, hata mji.

Nilifanya kile ambacho mtoto yeyote wa kwetu angefanya. Nilimwambia, "Ninauweka mji wangu kwako. Nitakuja kuuchukua."

Aligeuka kutoka ukutani akanitazama vizuri. "Nitautunza," alisema. "Utaukuta."

Tuliandikiana amani ya zamu ishirini, tukafunguliana mipaka, nikabonyeza, mji wa mtoni ukabadilika kuwa wa njano, rangi yake. Kwenye zamu yake akawapeleka askari wote watatu mle ndani. Waporaji walikuja mara mbili, mara mbili wakarudi pungufu. Akajenga ghala. Akalima upya lile shamba lililoungua. Akaanza kujenga ukuta, na ukuta katika mchezo ule ulikuwa kazi ya zamu nyingi. Mji wake mwenyewe kule ziwani ulibaki hauna hata mtu mwenye rungu.

Danieli ndiye aliyeniharibia, ingawa simlaumu, alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa anayejua kila kitu. Aliuona mji wa njano akauliza nimeshindwa lini. Nikamweleza. Akacheka tena, lakini safari hii alinicheka mimi. Alisema mchezo haujui mambo ya kuwekeana, ukitoa umetoa, na yule msichana wa watu sasa ana miji miwili mizuri kuliko yangu yote. Nilikaa na maneno hayo wiki nzima ya shule. Nilimtazama Udahoda akichota maji, akifua, akisaga mahindi na mama, na nikaanza kumwona mjanja.

Jumamosi nilimwambia naomba mji wangu. Nilisema hivyo hivyo, mguu mmoja bado uko mlangoni. Alijibu kwamba leo haifai, waporaji wako upande wa pili wa mto na ukuta haujaisha, nisubiri zamu chache. Alisema kwa upole. Mimi nikasikia hapana.

Mipaka yetu ilikuwa wazi, kwa hiyo watu wangu walipita nchini kwake kama kwao. Nilipeleka askari wanne hadi kando ya ziwa. Nilipowaamuru waingie mjini, mchezo wenyewe ulinisimamisha. Uliuliza kama nina hakika, kwani mkataba wa amani bado una zamu nne. Kiingereza changu kilikuwa hafifu lakini hilo nilielewa. Nikabonyeza ndiyo. Mji wa ziwani ukawa mwekundu kwa zamu moja, hakukuwa na wa kupigana naye.

Udahoda aliketi kwenye kigoda akatazama ramani muda mrefu, hata nikadhani kompyuta imegoma. Alikuwa amebaki na mji mmoja, ule wangu, wenye askari watatu wazuri, na kwa hakika angeweza kunisumbua mpaka likizo. Alifungua ukurasa wa mapatano. Akauchagua mji wa mtoni, akabonyeza kitufe cha kutoa.

"Chukua," alisema. "Ukuta umebaki kidogo kuisha."

Nikakubali. Kioo kikaandika kwamba taifa lake halipo tena. Udahoda akasimama, akaenda kuwatoa ndama juani. Nilicheza peke yangu mpaka saa yangu ikaisha, nikiwa na furaha kubwa, na furaha ile ilinitoka wakati wa chakula aliponisogezea bakuli la mboga kama siku zote.

Wiki mbili baadaye shule zilifungwa akaenda kwao. Alipoondoka aliwaaga baba na mama, akanipa mkono. Nilisubiri likizo iishe. Shule zilipofunguliwa hakuja. Wiki ya kwanza mama alisema labda mvua. Wiki ya pili alikuja baba yake, kwa miguu, na mbele yake walikuwa ng'ombe wetu tisa na ndama wanne.

Wazee walikaa nje mchana kutwa. Nilipita mara nyingi na bilauri za chai ambazo hakuna aliyeziagiza. Baba Udahoda alisema malisho yameisha, wanahama, wanakwenda mbali kusini, na binti anakwenda nao. Baba alisema binti abaki, kitanda chake kipo, mwakani ni darasa la saba. Mwenzake alishukuru, akasema ameamua. Baba alisema basi na ng'ombe wabaki naye, hii si mara ya kwanza wao kuhama. Baba Udahoda alitazama chini akasema ni vizuri kila mtu awe na vyake. Kwetu, mtu akikurudishia ng'ombe ambao hukuwaomba, humuulizi sababu. Umeshaambiwa.

Nilijua ni mimi. Nilijua siku ile ile, nimeshika bilauri. Ningeweza kusema mbele yao wote wawili, na nadhani wangecheka, wangenichapa kidogo, na Udahoda angeletwa. Niliogopa, nikaingia ndani. Baadaye nikajiambia kwamba wazee hawawezi kuvunja urafiki kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, na nilivyokua nikaliamini hilo kabisa. Mtu mzima ana njia nyingi za kujiliwaza.

Miaka kumi na sita ikapita. Siku chache baada ya ile ya fundi, nilikwenda mnadani Katesh kumnunulia baba mbuzi, na mwanamke mrefu mwenye bangili za shaba akanishika bega. Alicheka kwanza yeye. Ana watoto watano, shule hakuimaliza, na alisema hivyo kama anavyosema mtu habari ya hali ya hewa. Tulikunywa soda tumesimama. Nilipomuuliza kwa nini hakurudi, alishangaa kwamba sijui. Baba yake alimpa achague, kuhama nao au kubaki kwetu. Akamjibu kwamba nyumba ile, wakitaka chao, hawasubiri. Mzee alimtaka aeleze, akaeleza, na mzee akafikiri siku tatu. Kisha akasema atawarudisha ng'ombe kwa heshima kabla hawajafuatwa, na kwamba rafiki yake asiambiwe sababu, kwa sababu si vizuri kumshtaki mtu kwa maneno ya watoto. "Alikuwa anamtaja baba yako," Udahoda alisema. "Hata mwaka aliofariki alimtaja."

Nilifika Tumati jioni na mbuzi wangu. Baba sasa hatoki sana, magoti hayamsaidii. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza yote, na kwa mara ya kwanza nilianza na habari za mvua kabla ya kufika kwenye suala lenyewe. Nilieleza walowezi, kilima, waporaji, mji wa mtoni. Nilidhani nitapata taabu kumwelewesha mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta. Hakuniuliza hata swali moja. Nilipofika pale Udahoda alipobonyeza kutoa, alifumba macho.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Hakusema kwa hasira. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa anajitafuta kosa yeye mwenyewe: ni neno gani alilitamka vibaya, ni salamu gani aliisahau, ni ndama gani alistahili kumpa mwenzake na hakumpa. Mimi nilikuwa nimekaa na siri ndogo ya utotoni, na baba yangu alikuwa amekaa na aibu isiyo yake. Nilimwambia pia kwamba rafiki yake amefariki. Mama alipotuita ndani, hakuinuka.

"Ningejua," alisema, "ningemfuata."